Mashine Ndogo ya Kupiga Chapa: Namna ya Kuitambua na Kuifufua



Vijana wetu waliozaliwa na kompyuta huenda wakashangaa kuambiwa kuwa tunaposema "kupiga chapa" tunataja kitendo kilichokuwa kikifanyika kweli. Herufi za madini zilipakwa wino, kisha karatasi ikagandamizwa juu yake kwa nguvu ya mkono. Leo tunapenda kuizungumzia mashine ndogo ya kazi hiyo, ile inayokaa juu ya meza. Nyingi zimekwishauzwa kwa kilo kama chuma chakavu kwa sababu mwenye nayo hakujua ana nini.

Nchini Marekani mashine hizi zilienea sana katika miaka ya 1870. Mwaka 1872 William Kelsey alianza biashara yake katika mji wa Meriden, jimbo la Connecticut, na mashine zake za Excelsior zikanunuliwa na wenye maduka na hata watoto wa shule. Vijana wakaanza kuchapa magazeti yao wenyewe, na mwaka 1876 wakaunda chama chao cha taifa mjini Philadelphia. Msidhani ulikuwa mchezo mtupu. Herbert Clark, kijana mweusi wa Cincinnati, mtoto wa mwalimu Peter H. Clark, alihariri gazeti dogo liitwalo Le Bijou, na mwaka 1879 akachaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa rais wa chama hicho. Baadhi ya wahariri wazungu wa majimbo ya Kusini walikasirika, wakataka watu weusi wafungiwe mlango. Naye aliendelea kuandika, akitetea haki za watu wake katika gazeti lake. Kwa hiyo mtu akituambia kuwa hiki ni chuma tu, sisi hatukubaliani naye.

Sasa, ukiikuta ghalani utaijuaje? Kwanza tafuta jina kwenye mwili wake, maana mara nyingi liko chini ya grisi au rangi iliyopakwa baadaye. Kisha pima upande wa ndani wa fremu inayofungiwa herufi, na upime kwa inchi, kwani ndivyo watengenezaji walivyohesabu. Excelsior moja iliyokuwa maarufu ni ya inchi 5 kwa 8. Ile ya Pilot, iliyotolewa na Chandler & Price wa Cleveland tangu 1886, ni ya 6½ kwa 10. Tazama pia mkono wake: wa Excelsior uko mbele, wa Pilot uko ubavuni. Lakini tahadhari, Pilot iliigwa na watengenezaji wengine, hivyo umbo peke yake si ushahidi.

Ama kuifufua, kosa kubwa ni haraka. Mtu anaipeleka kupigwa mchanga na kupakwa rangi mpya, na jina pamoja na michoro ya zamani vinapotea siku hiyo hiyo. Loweka kutu kwa mafuta ya taa, subiri hata siku kadhaa, zibua matundu ya mafuta kwa waya mwembamba. Usigonge kwa nyundo. Chuma hiki ni cha kumiminwa, hakipindi bali hupasuka, na si kila fundi wa kuchomelea anaweza kukiunga.

Rola za zamani zilitengenezwa kwa gundi na molasi, basi zikayeyuka kwa joto na panya wakazila! Siku hizi huwekwa za mpira. Muhimu ni kwamba vigurudumu vya pembeni viwe na kipenyo sawa na rola, la sivyo rola itaburuza badala ya kuviringika, na wino utatapakaa.

Ukijaribu kuchapa na upande mmoja ukatoka hafifu, usikandamize mkono kwa nguvu zaidi. Nyuma ya bamba linalobeba karatasi kuna skrubu, nazo hurekebishwa kidogo kidogo mpaka bamba liguse herufi sawasawa. Herufi hizo zina kimo cha milimita 23.3 hivi, zote sawa, na hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye risasi ndani yake. Kwa hiyo zisisafishwe jikoni, watoto wasizitie mdomoni, na kila aliyezishika anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.