Ripoti ya ajali ya treni: isome, usiipeleke mahakamani

Juni 25, 2024, Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilihamishia kikao chake katika mji mdogo wa East Palestine, Ohio. Wajumbe wakaketi shuleni na kuwaeleza wenyeji kwa nini treni ya Norfolk Southern iliacha reli pale Februari 3, 2023: beringi ya gurudumu ilipata moto kupita kiasi. Wakaongeza kwamba yale matangi ya kemikali yaliyochomwa makusudi siku tatu baadaye hayakuwa na haja ya kuchomwa. Siku moja kabla ya kikao hicho, Tanzania ilikuwa imetimiza miaka 22 tangu treni irudi nyuma Igandu, Dodoma, na kuua watu zaidi ya 280.

Wamarekani nao hawakuzaliwa na uwazi huo. Dereva wa treni Casey Jones alipokufa ajalini Vaughan, Mississippi, Aprili 30, 1900, aliyechunguza ni mwajiri wake, kampuni ya Illinois Central, na lawama zote zikamwangukia marehemu. Baadaye Sim Webb, mtia makaa wake aliyeamriwa kuruka akapona, alisema hawakumwona mtu wa bendera wala kusikia fataki za tahadhari. Nani angemsikiliza? Ilikuwa kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Sheria ya Mei 6, 1910 ndiyo iliyoipa Tume ya Biashara baina ya Majimbo mamlaka ya kuchunguza ajali za reli na kutangaza ripoti zake kwa umma. Lakini kifungu cha nne kikaweka kufuli: ripoti hizo zisitumike kama ushahidi katika kesi ya kudai fidia. Watetezi wake husema bila kinga hiyo wafanyakazi wangefumba midomo mbele ya mchunguzi. Huenda. Ila mjane aliruhusiwa kusoma jinsi mumewe alivyouawa, kisha aiache karatasi mlangoni mwa mahakama.

Chukua Nashville, Tennessee, Julai 9, 1918. Treni namba 4 ilitoka mjini asubuhi kuelekea Memphis. Kabla ya kuingia kwenye njia moja, wahudumu wake walipaswa kuhakikisha namba 1, iliyokuwa ikija imechelewa, imeshapita. Kondakta alikuwa akikusanya tiketi, akawaachia wenzake kuangalia. Kikapita kichwa cha kupanga mabehewa, wakadhani ndiyo yenyewe. Mnarani, mtu wa ishara akawapa ruhusa ya kupita, halafu akafungua daftari lake: namba 1 haimo! Akapiga king'ora cha dharura. Nyuma ya treni hapakuwa na mtu wa kukisikia. Zikavaana uso kwa uso kwenye kona ya Dutchman's Curve. Tume ilihesabu maiti 101, wengi wao vibarua weusi waliokuwa wakienda kutengeneza baruti za vita. Ripoti ikamtaja dereva na mtu wa mnarani, ikayashutumu hata mabehewa ya mbao: ya chuma yangepunguza vifo.

Kinachonivutia ni kwamba mwaka ule reli zilikuwa mikononi mwa serikali kuu. Tume ya serikali iliandika makosa yaliyotokea kwenye reli zinazoendeshwa na serikali, ikayachapisha. Ujasiri wa namna hiyo tungeuhitaji nyumbani.

Tangu 1967 kazi ya kuchunguza ajali kubwa imehamia kwenye Bodi, na ripoti za zamani za Tume zimehifadhiwa ambapo yeyote anaweza kuzisoma. Kufuli la mahakamani bado lipo, na linaifunga hata ripoti ya Bodi kuhusu East Palestine. Wakazi walifidiwa kwa makubaliano ya dola milioni 600 na kampuni.

Kwetu, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba waraka serikalini na kujibiwa ndani ya siku 30. Aliyepoteza ndugu Igandu na aiandike barua hiyo, aombe ripoti kwa jina lake.