Kurondereza Kabla ya Kaboni: Historia ya Kubana Kuni, Maji na Umeme Ruhwa

Kizazi chetu kimefundishwa kubana matumizi kwa lugha ya mabadiliko ya tabianchi. Zima taa usiyoitumia, funga bomba, tumia jiko banifu, panda mti: shuleni tuliambiwa kwamba yote haya ni kwa ajili ya kupunguza hewa ukaa. Katika insha hii ninataka kuonyesha kwamba kihistoria mambo hayakuanzia hapo. Huku ninakotoka, mpakani Ruhwa, watu walibana kuni, maji na umeme kwa sababu ya uhaba na bei. Kaboni ilikuja baadaye, tena ilikuja kama bidhaa. Hoja yangu ni kwamba tabia ya kubana hudumu pale ambapo anayebana anaiona faida yake mwenyewe, na kwamba tukisahau jambo hili tutaendelea kuwahubiria watu wasiohitaji mahubiri.

Ruhwa ni mto mdogo unaotenganisha Rwanda na Burundi, na pia ni jina la kituo cha mpaka katika wilaya ya Rusizi, eneo ambalo zamani lilikuwa mkoa wa Cyangugu. Maji yake huingia katika mto Ruzizi, ambao hutoa maji Ziwa Kivu na kuyapeleka Ziwa Tanganyika. Tuko katika bonde la Bugarama, sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda, kiasi cha mita 950 juu ya usawa wa bahari. Kuna joto, kuna mpunga, na sokoni Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili husikika kwa pamoja.

Nianze na jikoni, kwa kuwa ndiko historia hii inakoanzia. Kwa wazee wetu moto ulikuwa wa mafiga matatu, na kuni zilitafutwa mbali. Rwanda ni nchi yenye watu wengi katika eneo dogo. Kila shamba jipya lilipunguza kichaka cha kuni. Mikalitusi iliyoletwa wakati wa ukoloni ilisaidia, lakini haikutosha. Ndipo ikaja aina ya jiko la udongo lenye kuzungushiwa ukuta ili moto usipotee pembeni. Jiko hilo linaitwa rondereza. Kwa Kinyarwanda, kurondereza ni kutumia kitu kwa uangalifu ili kisiishe upesi. Kwa mwanafunzi wa historia, jina hili ni ushahidi. Halisemi lolote kuhusu anga wala hewa. Linasema habari ya kuni na mgongo wa anayezibeba.

Maji nayo yalikuwa na taratibu zake. Nyumbani kwetu maji ya kusuuzia mchele yalipewa mbuzi, na yaliyofulia nguo yalipiga deki kabla ya kumwagwa. Hakuna aliyetufundisha hayo kwa bango. Dumu la lita 20 lililopandishwa kilima kwa kichwa linafundisha lenyewe.

Umeme una historia tofauti, kwa sababu ulipita juu yetu kabla ya kutufikia. Mtambo wa Ruzizi I, karibu na pale mto unapotoka Ziwa Kivu, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji. Mwaka 1983 Burundi, Rwanda na Zaire zilitia saini mkataba wa kuunda shirika la pamoja, SINELAC, na mwaka 1989 mtambo wa Ruzizi II ukaanza kazi. Nyaya zilielekea mijini. Mto ulikuwa wetu, lakini kaya nyingi za bonde hili ziliendelea kupikia kuni na kuwashia taa za mafuta. Kwa muda mrefu, kumwambia mtu wa Ruhwa abane umeme kungekuwa sawa na kumwambia asiye na ng'ombe apunguze maziwa.

Somo kubwa la umeme lilitoka kaskazini mwa nchi, mbali na kwetu, lakini kwa kuwa gridi ya taifa ni moja, lilimfikia kila mwenye mita. Mtambo wa Ntaruka, uliozinduliwa mwaka 1959, hutumia maji yanayotoka Ziwa Burera kwenda Ziwa Ruhondo. Ziwa Burera nalo hulishwa na kinamasi cha Rugezi. Kinamasi ni kama sifongo: hunyonya mvua na kuiachia polepole wakati wa kiangazi. Rugezi ilipochimbwa mitaro na kukaushwa ili kupata mashamba, sifongo ile iliharibika. Ukaongezeka ukame, na maji ya ziwa yakatumiwa kwa wingi kuliko yalivyoingia. Mwaka 2004 kina cha Burera kilikuwa kimeshuka vibaya, na Rwanda ikaingia katika mgogoro wa umeme. Serikali ilikodi jenereta za dizeli, na kati ya mwaka 2004 na 2006 bei ya umeme kwa mtumiaji ilipanda zaidi ya mara mbili.

Tuliangalie jambo hili vizuri. Nchi iliyokuwa ikipata umeme wake kwa maji ilijikuta inachoma mafuta yaliyosafirishwa kwa malori kutoka bandari za Bahari ya Hindi. Hewa ukaa iliongezeka kwa sababu kinamasi kilikaushwa. Hapa ndipo maji, umeme na kaboni vinapokutana katika historia yetu, na vilikutana katika bili kabla ya kukutana katika vitabu vya tabianchi.

Mgogoro huo ndio ulioleta tabia mpya. Kuanzia mwaka 2007 shirika la umeme na maji la wakati huo, Electrogaz, kwa msaada wa Benki ya Dunia, liligawa balbu za kubana umeme ili zichukue nafasi ya zile za zamani zenye waya unaowaka. Lengo la kwanza lilikuwa kupunguza mzigo wa saa za jioni na matumizi ya dizeli. Baadaye mradi ulisajiliwa katika utaratibu wa Itifaki ya Kyoto unaoruhusu upunguzaji wa hewa ukaa kuhesabiwa na kuuzwa. Balbu ile ile iliyokuwa dawa ya bili ikawa pia hesabu ya kaboni.

Hatua iliyofuata iligusa mkoa wetu moja kwa moja. Mwaka 2014 mpango ulioitwa Tubeho Neza uligawa majiko banifu na vichujio vya maji kwa kaya zaidi ya 100,000 maskini katika Mkoa wa Magharibi, bila malipo, kwa matarajio ya mapato ya kuuza hati za kaboni. Watafiti waliofuatilia kaya hizo walichapisha matokeo mwaka 2019: kwa watoto wa chini ya miaka 5, taarifa za kuharisha zilipungua kwa asilimia 29, na maradhi ya njia ya hewa kwa asilimia 25. Hayo si mafanikio madogo. Lakini vipimo havikuthibitisha kwamba moshi ambao wapishi walivuta ulipungua.

Msomaji anaweza kuuliza: kama watoto walipona, kuna ubaya gani mtu mwingine akinunua kaboni? Sioni ubaya katika jiko. Ninachouliza ni nani anayehesabiwa kuwa mwenye deni. Mama anayepikia kuni tatu badala ya tano hajawahi kuwa mchafuzi mkubwa. Katika bonde hili hili kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza mwaka 1984. Saruji tunaihitaji, maana ndiyo iliyojenga shule zetu, lakini chokaa ikichomwa hutoa kaboni dioksidi kutoka ndani ya jiwe lenyewe, mbali na ile ya moto wa tanuru. Mizani ya hewa ukaa haiwezi kuanza na kuishia kwenye mafiga.

Rugezi yenyewe inafundisha upande wa pili. Mwaka 2005 kinamasi hicho kiliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za kimataifa, kilimo ndani yake kikazuiwa, na maji ya Burera yakapanda tena. Nchi nzima ilifaidika. Gharama ya kwanza, hata hivyo, iliwaangukia waliokuwa wakilima na kukata majani humo, na wengi wao walikuwa hawana hata balbu moja. Faida ilisafiri kwa waya, hasara ikabaki kando ya kinamasi.

Rwanda imeahidi kwamba kufikia mwaka 2030 itapunguza uzalishaji wake wa hewa ukaa kwa asilimia 38 kulinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila hatua zozote, sehemu kubwa ikitegemea msaada wa nje. Ahadi hiyo itatekelezwa kwa sera, lakini pia kwa jiko, balbu na dumu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Historia ya Ruhwa inanifanya niulize kibaba hicho ni cha nani. Wazee wetu walirondereza kwa sababu kuni iliyobaki jioni ilikuwa yao asubuhi. Mpango wowote unaotaka watu wabane uanze hapo: kuni iliyookolewa, lita iliyookolewa na faranga iliyookolewa vionekane kwanza katika nyumba ya aliyeviokoa. Hesabu ya tani za kaboni ifuate nyuma yake.