Mzee Anayenyamaza

Hapa kwetu Katoto, karibu na Kamina, wazee ndio waliotufundisha kulima na kukata maneno ya ukoo. Basi, mmoja wao akianza kusahau, kisha akakaa mlangoni kutwa, hajali chakula wala wajukuu, watu huguna: «Amekuwa mvivu.» Wengine hunong'ona neno baya zaidi: «Ni mlozi.» Kabla ya kumhukumu, tutazame historia ya ugonjwa huu.

Mwaka wa 1901, mjini Frankfurt katika Ujerumani, mganga Alois Alzheimer alimpokea mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter. Alipoambiwa aandike jina lake, alishindwa. Alikufa mwaka wa 1906. Alzheimer akauchungua ubongo wake kwa hadubini, akaona takataka zimejikusanya kati ya chembe, na nyuzi zimejisokota ndani yake. Mwaka wa 1910 ugonjwa ukaitwa kwa jina la mganga huyo.

Lakini ubongo wa mtu aliye hai utapimwaje? Mwaka wa 1945, Seymour Kety na Carl Schmidt wa Marekani walieleza njia. Mtu alivuta kidogo gesi ambayo waganga wa meno hutumia kutuliza maumivu. Nao wakalinganisha damu iingiayo kichwani na ile itokayo. Hivyo wakajua kiasi cha damu ipitayo katika ubongo.

Baadaye ikaja mitambo ya kuonyesha damu katika kila sehemu ya ubongo. Mwaka wa 1996 waganga wa Marekani walitangaza kwamba wagonjwa wa Alzheimer waliopotewa na hamu ya mambo yote walipungukiwa zaidi na damu upande wa mbele wa ubongo. Huko ndiko mtu hupata nguvu ya kuanza jambo. Hatusemi kwamba damu ndiyo chanzo, maana sehemu iliyodhoofika huomba damu kidogo. Lakini twaona kwamba kimya kile ni ugonjwa, si uvivu wala ulozi.

Hata katika nchi yetu, Jean Ikanga na wenzake wamewachunguza wazee wa Kinshasa kwa maswali, kwa damu na kwa picha za ubongo.

Basi, tusimgombeze mzee wala tusimfukuze. Tumshike mkono, tutembee naye. Tuketi tuchambue maharagwe pamoja. Yeye hawezi tena kuanza. Tuanze sisi.