Gaidi Anamlenga Nani?

Kamusi zetu za zamani zinamweleza gaidi kuwa mnyang'anyi anayevizia watu, mwenzake jambazi na haramia. Maana hiyo haijatoka masikioni, na inatupoteza tunapoandika kuhusu usiku wa Julai 11, 2010 mjini Kampala. Jambazi anamvizia mwenye mali. Akishaichukua, shughuli imekwisha. Waliolipua mabomu katika klabu ya raga ya Kyadondo na mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, hawakutaka chochote kutoka kwa watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Hispania na Uholanzi. Zaidi ya 70 waliuawa. Wanamgambo wa Al-Shabaab wa Somalia walitangaza wenyewe walichokitaka: Uganda iondoe askari wake Mogadishu, walikokuwa tangu Machi 2007 chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika cha kulinda amani.

Ndiyo maana nasita kila ninaposoma kwamba wale mashabiki "walilengwa". Walipigwa. Waliolengwa walikuwa Ikulu, Entebbe, na viongozi wa Umoja wa Afrika waliotarajiwa kukutana Munyonyo mwezi huohuo. Kitenzi tunacho: kushurutisha. Raia anauawa ili serikali ishurutishwe. Safari hiyo hila haikufua dafu. Uganda ilibaki Somalia na ikaongeza askari.

Kusudi la pili halitajwi sana, nalo ni kuchokoza. Mshambuliaji hufurahi dola inapokasirika ikawabana wasiohusika, kwa kuwa aliyeonewa leo ni rahisi kumsajili kesho. Baada ya milipuko ile, Wasomali wa mtaa wa Kisenyi mjini humo, wakiwamo wakimbizi waliowakimbia Al-Shabaab haohao, waliishi kwa hofu ya kugeuziwa kibao. Ukimwita gaidi kichaa au mnyama, mtego huo huuoni. Kichaa hana hesabu. Hawa walikuwa nayo.

Istilahi inayoniuma kuliko zote ni "kujitoa mhanga". Hiyo ni sifa ya mtu anayejitolea nafsi yake ili wengine waishi, kama Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, aliyekufa kwa Ebola Desemba 2000 baada ya kuwauguza wagonjwa wa ugonjwa huohuo. Habari zetu humpa sifa hiyo mtu aliyejifunga mabomu, kisha sentensi inayofuata ikawaita waliokufa "wahanga". Muuaji na aliyeuawa wanagawana neno moja! Novemba 16, 2021, mabomu yalipolipuka karibu na Kituo Kikuu cha Polisi cha Kampala na karibu na Bunge, neno hilo lilirudi hewani. "Aliyejilipua" inatosha kabisa: inaeleza kilichotendeka, basi. Polisi waliwalaumu waasi wa ADF, na kundi la Dola la Kiislamu likadai kuhusika siku hiyohiyo, kwa kuwa shambulio lisilo na mwenyewe halimtishi mtawala wala halivuti vijana wapya. Jina lao hatuwezi kuacha kulitaja katika habari. Cheo cha mhanga tunaweza kuwanyima.