Muratina, Busaa na Bia: Majina ya Vileo katika Bonde la Ufa la Kati

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vileo vya Nakuru na sehemu za Bonde la Ufa zilizo jirani vilivyopata majina vinavyoitwa leo katika Kiswahili, na jinsi majina hayo yalivyoathiri uwezo wa wasemaji kulinganisha kileo na kileo. Ulinganishi huo ulikuwapo tangu zamani, nao ulikuwa wa kina. Lakini sheria zilipoanza kuvipa vileo majina, tofauti za ladha na za utengenezaji zilififia, ikabaki tofauti ya leseni.

Nakuru yafaa sana kwa uchunguzi huu. Reli ilipofika hapo mwaka wa 1900, malisho yaliyoizunguka yalikuwa ya Wamaasai; na baada ya mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa ili nchi igawiwe walowezi. Katika mashamba ya Njoro, Molo, Subukia na Solai wakakusanyika vibarua na maskwota wa makabila mbalimbali, na kila jamii ilikuja na ujuzi wake. Wakikuyu walikuwa na njohi, Wakalenjin maiyek, Waluhya busaa, Wajaluo kong'o. Wamaasai waliotangulia walikuwa na enaisho, neno ambalo kwao lamaanisha asali na pia kileo kitokanacho na asali. Hivyo watu ambao zamani hawakuketi baraza moja walianza kuonja vya wenzao na kuvipima.

Tuanze na muratina. Kwa Kikuyu, neno hili kwa asili ni jina la mti ambao Waswahili huuita mwegea, na la tunda lake refu lililo kama soseji. Tunda hupasuliwa, likachemshwa na kuanikwa juani; kisha hutiwa katika kibuyu chenye maji ya asali au ya miwa, kikawekwa karibu na moto. Chachu hukaa katika nyuzi za tunda. Kwa hiyo tunda hilo huoshwa, likaanikwa na kutumiwa tena. Mkikuyu husema njohi ya muratina, yaani kileo kilichochachushwa kwa tunda hilo. Kiswahili cha Nakuru kiliacha neno la kwanza kikachukua la pili, na jina la chombo cha kazi likawa jina la kazi yenyewe.

Busaa hufuata njia nyingine. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke, kisha hukaangwa juu ya bati mpaka ugeuke rangi. Hapo huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, ukaachwa uumuke, ndipo ukachujwa. Mnywaji azijuaye zote mbili hawezi kuzichanganya. Muratina ni nyepesi, yenye utamu unaoishia kwenye ukali. Busaa ni nzito, chachu, yenye harufu ya kukaangwa. Hata adabu ya kunywa ilitofautiana: wazee wa Kikuyu walinywea pembe, ilhali wenzao wa magharibi waliketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Na njohi haikuwa starehe tu, kwani posa haikuanza bila njohi ya njurio.

Bia ilikuja kwa mlango mwingine. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka wa 1922, na Tusker ikapewa jina la ndovu aliyemuua mmoja wa waasisi wake mwaka uliofuata. Shayiri ya Molo na Mau Narok ilikuja kuwa malighafi yake. Bia hutiwa maua machungu ya hopu, nayo huchujwa chachu yake, ndiyo maana huweza kusafiri kwa gari moshi na kukaa dukani miezi. Muratina na busaa hunywewa zingali hai, na baada ya siku chache huharibika. Tofauti hii ya kikemia iligeuzwa kuwa tofauti ya hadhi, kwa kuwa Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa mpaka mwaka wa 1947.

Kiswahili cha pwani kilikuwa kimezoea kupambanua: tembo lilikuwa la mgema, dengelua ya miwa, mvinyo jina lililotoka kwa Wareno. Lugha ya utawala ilijua mafungu mawili tu: bia, na pombe ya kienyeji.

Uhuru haukuufuta mgawanyo huo. Sheria ya mwaka wa 1971 ilihusu pombe za kienyeji kama fungu moja, na ile ya 1980 ikapiga marufuku chang'aa. Waliotengeneza kwa siri walikosa wa kuwasifu au kuwakosoa hadharani. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kunywa kumi kumi iliyotiwa methanoli. Sumu hiyo haikuwa na uhusiano wowote na kibuyu cha muratina, lakini vyote viwili viliendelea kuitwa pombe haramu. Sheria ya mwaka wa 2010, iliyopewa jina la John Mututho, wakati huo Mbunge wa Naivasha, ilihalalisha chang'aa kwa masharti ya leseni na vifungashio. Masharti hayo huifaa bia ya kiwanda, kama ile ya Keroche iliyoanza kutengenezwa Naivasha mwaka wa 2008, kuliko kileo kinachoendelea kuumuka.

Ni jambo la kushangaza kwamba kuku wa kienyeji husifiwa sokoni Nakuru na kuuzwa ghali, ilhali pombe ya kienyeji hutajwa kwa kunong'ona. Viwanda vidogo vya bia vilivyozuka Nairobi katika miaka ya karibuni hueleza kwa urefu uchachu, harufu na uzito wa bia zao. Wapishi wa muratina wanayo maarifa hayohayo, lakini msamiati wao umo vinywani mwa wazee wachache. Kamusi inayoridhika kueleza muratina kuwa "aina ya pombe" huendeleza kazi ya karani wa kikoloni. Wanaleksikografia hawana budi kwenda Njoro na Subukia wakusanye majina ya vyombo, ya hatua za utengenezaji na ya ladha, maana mnywaji asiye na maneno ya kupambanua kileo kizuri na kibaya hana pia njia ya kumwonya mwenzake.