Mtu Aliyeuliza Jinsi Fedha za Wote Zigawanywavyo

Msomaji, bila shaka umepata kumwona mama akihesabu fedha chache mezani: hizi za unga, hizi za mafuta, hizi za karo. Akiongeza penye jambo moja, hana budi kupunguza penye jingine. Serikali nayo ni nyumba yenye shida hiyo hiyo, ila wana wake ni mamilioni. Kila mwaka huandika makadirio ya mapato na matumizi, ndiyo bajeti, na humo huamuliwa kijiji kipi kipate zahanati na kipi kingoje. Nani huamua, na kwa njia gani? Yuko mwanachuoni mmoja aliyelichunguza swali hilo kwa miaka mingi.

Aaron Wildavsky alizaliwa Brooklyn, katika jiji la New York, mwaka 1930, mwana wa wazazi waliohamia Marekani kutoka Ukraine. Alisoma Brooklyn College, akatumika jeshini, kisha akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1962 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley.

Wakati ule wataalamu wengi waliandika jinsi bajeti ipasavyo kuwa. Wildavsky aliona yafaa kwanza kujua jinsi ilivyo. Aliwaendea wenyewe waitengenezao, wakuu wa idara, maofisa wa hesabu na wajumbe wa Bunge la Marekani, akawauliza habari za kazi yao. Mwaka 1964 alitoa kitabu kiitwacho The Politics of the Budgetary Process. Alionyesha kwamba hapana awezaye kupima upya kila mwaka matumizi yote ya taifa kubwa, maana akili ya mtu ina mpaka na siku ni chache. Kwa hiyo fungu la mwaka uliopita hushikwa kuwa msingi, na watu hushindania nyongeza ndogo tu. Idara huomba zaidi, wajumbe hupunguza, kila mmoja akiijua desturi ya mwenziwe, kama muuzaji na mnunuzi sokoni.

Walikuwapo waliompinga, wakisema kuwa njia hiyo humpendelea aliyekwisha kupata, na mwenye haja mpya hubaki mlangoni. Hoja hiyo ina uzito, ipime mwenyewe.

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson aliamuru idara za serikali yake zifuate mpango mpya uliokuwa umeanza katika Wizara ya Ulinzi. Kila idara ilitakiwa kutaja shabaha zake, na kulinganisha gharama na faida za kila njia ya kuzifikia. Wengi walishangilia. Wildavsky aliandika waziwazi kwamba mpango huo wadai maarifa ambayo watu hawana. Mwaka 1971 uliachwa. Walakini yeye hakuishia kulaumu. Mwaka 1969 alikuwa mkuu wa kwanza wa shule mpya pale Berkeley, iliyowafunza vijana kuzichambua sera za serikali.

Mwaka 1974, pamoja na Naomi Caiden, alitoa kitabu juu ya mipango na bajeti katika nchi maskini. Hapo jambo latugusa sisi. Katika nchi tajiri, walisema, fungu la mwaka jana ni nguzo ya kuegemea. Katika nchi maskini fedha hazina hakika: kodi huchelewa, Hazina huzuia malipo, wizara nazo huomba kupita kiasi kwa kujihami. Bajeti iliyosomwa Bungeni hufanywa upya tena na tena kabla mwaka haujaisha. Hivyo fungu laweza kuandikwa kitabuni, na dawa zisifike zahanati.

Wildavsky alifariki dunia mwaka 1993, lakini maswali yake yangali hai. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka mambo ya fedha za umma yawe wazi, na wananchi washiriki. Basi, siku utakapoitwa barazani kusikiliza makadirio ya kaunti yako, usitazame jumla peke yake. Uliza: mwaka jana fungu hili lilikuwa kiasi gani? Limeongezwa au limepunguzwa, na kwa hoja ya nani? Na zile fedha zilizoahidiwa mwaka jana, je, zilifika?