Mafuta Yaliyoigusa Salale Yalichimbwa Kuwait

Mapema mwaka 1939 jahazi la Kuwait, nahodha wake Ali bin Nasir al-Najdi, liliingia delta ya Rufiji kutafuta boriti. Ndani ya jahazi alikuwamo baharia wa Australia, Alan Villiers, aliyepanda ili aandike kitabu juu ya safari hiyo, na delta haikumfurahisha hata kidogo: tope, joto, mbu. Mwaka mmoja nyuma, Februari 1938, mafuta yalikuwa yametoka ardhini huko Burgan, kusini ya mji wa Kuwait. Kwa wakataji wa mikoko wa Salale, humo deltani, na vitongoji vyake, habari ile haikuwa na maana yoyote. Baadaye ikawa nayo.

Biashara ya boriti ilikuwa kongwe. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende na chumvi, yakapakia mikoko na misinzi iliyohesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, yakarudi na kusi. Nchi za Ghuba hazina miti ya kujengea. Upana wa vyumba vya nyumba zao za zamani ulifuata urefu wa boriti ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mtu wa delta, bila kujua, ndiye aliyempimia Mkuwaiti sebule yake. Mwaka 1946 Kuwait ikaanza kuuza mafuta nje. Pesa zilipoingia, zikaja saruji na nondo, na wateja wa boriti wakapungua mwaka hadi mwaka.

Wakati huohuo mafuta yalianza kutafutwa huku kwetu. Mwaka 1952 kampuni za BP na Shell zilipewa kibali cha kutafuta mafuta katika mwambao wa Tanganyika. Zilichimba Mafia, ng'ambo tu ya milango ya Rufiji, kisha Unguja na Pemba. Hazikupata mafuta ya kuuza, na kufikia 1964 zilikuwa zimerudisha eneo lao.

AGIP ya Italia ikaingia mwaka 1969, na mwaka 1974 ikakuta gesi Songo Songo, kusini ya delta. Ikaiona ni kidogo, haiwezi kulipa. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) likaendelea kuchimba lenyewe, ukaja mpango wa kiwanda cha mbolea Kilwa ambao haukuzaa kitu, na miaka 30 ikapita kabla gesi haijafika Ubungo kwa bomba la kilomita 232, mwaka 2004. Bomba hilo linatoka majini Somanga na kupita Rufiji njiani kwenda Dar es Salaam.

Hadi mwaka 2015 utaratibu wa vibali ulitokana na sheria ya mwaka 1980: leseni ilikuwa ya TPDC, kampuni iliingia kwa mkataba wa kugawana kinachopatikana. Kutafuta kulikuwa kwa miaka minne, ikiongezwa minne, kisha mitatu, ukishindwa, unaondoka. Ndiyo maana majina ya kampuni hayakukaa. Maurel et Prom ya Ufaransa ilichukua eneo la Bigwa-Rufiji-Mafia, ikapata gesi Mkuranga mwaka 2007. Ndovu Resources, tawi la Aminex, ilishika eneo la Nyuni. Kuanzia 2010 kazi ilihamia kwenye kina kirefu cha bahari, na hapo wataalamu walionyesha ucheshi: kampuni za BG na Ophir ziliviita visima vyao Pweza, Chewa na Jodari, Statoil ya Norway ikachagua Zafarani, Tangawizi na Mdalasini. Mvuvi wa Salale angedhani anasomewa orodha ya mchuzi.

Hesabu ya serikali ni futi za ujazo trilioni 57 na ushee za gesi, nyingi zikiwa chini ya bahari kuu. Mafuta ya kuuzwa hayajapatikana mpaka sasa. Na leseni ya uzalishaji ya Songo Songo, iliyotolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, ilipangiwa kufikia ukomo Oktoba 2026.